Milingi kuukuu au mpya ya Kichina: ipi ikae uani kwako?

Nilipowaambia majirani zangu wa Tabata, Dar es Salaam, kwamba nimeleta mashine ya milingi nyumbani, siku ya tatu alibisha hodi mama mmoja na kisado cha mahindi. Alitaka asagiwe. Nikamwonyesha mashine yenyewe, ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka wala si ya kusaga, akaizunguka, akaguna, kisha akauliza kama hiyo ndiyo iliyong'oa geti.

Ndiyo hiyo. Tulitoa bawa moja la geti ili ipite, na bawa lile lilirudi kwenye bawaba wiki mbili baadaye. Naanza na geti kwa sababu vijana wanaoniuliza, "Kaka, nichukue ile chakavu niliyoiona mtaa wa Gerezani au niagize mpya ndogo ya Kichina?" huwa wameshapiga hesabu ya bei hadi senti ya mwisho, lakini geti, sakafu na mita ya umeme hawajavifikiria. Mara nyingi hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua, bei inafuata nyuma.

Zinazoshindanishwa

Upande mmoja kuna milingi ya goti. Meza yake imekaa juu ya kibebeo kizito kinachopanda na kushuka kwenye mgongo wa mashine, na kibebeo hicho ndicho goti. Umbo tunalolijua wengi lilianzia mji wa Bridgeport, Connecticut, Marekani, mwaka 1938, kwa kazi ya Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom. Baadaye likatengenezwa pia Leicester, Uingereza, na viwanda vingi vya Asia vikaliiga. Ya kawaida ina kama kilo 900 na meza ya inchi 9 kwa 42. Hapa Dar zinatoka kwenye karakana zilizofungwa, kwenye mali za viwanda vya umma vilivyobinafsishwa miaka ya 1990, na kwenye makontena ya mashine za mitumba kutoka Ulaya.

Upande wa pili kuna mpya za kuweka juu ya benchi. Ndogo kabisa inajulikana kama X2, ina kilo 50 hadi 60 hivi, inapanda bajaji na dereva wala halalamiki. Kuna na ya kati, ile ya umbo la RF-45 lililotoka kampuni ya Rong Fu ya Taiwan na sasa linatengenezwa na viwanda chungu nzima vya China. Hii ina kama kilo 300, gia zake ni za chuma na zinaogelea kwenye oili. Ndugu yake mkubwa mwenye mgongo wa bomba la duara mwache alipo: ukipandisha kichwa chake kubadilisha kisu, kichwa kinazunguka kwenye bomba na vipimo ulivyovitafuta nusu saa vimepotea.

Zipo na zile kubwa za kulala, tani moja na nusu kwenda juu, zilizokuwa kwenye viwanda vikubwa. Ni mashine za heshima, ila mota zake nyingi hazikubali umeme wa nyumbani kwa ujanja wowote. Sizihesabu hapa.

Kiwei kimoja, mashine mbili

Maneno ya nguvu na uimara hayana maana mpaka uone kazi. Kazi inayonilisha zaidi ni shafti za mashine za kusaga nafaka na za kukamua miwa. Shafti ya milimita 25 inataka kiwei, yaani mfereji wa kukalia ufunguo unaoshika puli, cha upana wa milimita 8, kina milimita 4 kwenye shafti. Endimili, yaani kisu chenyewe, ya chuma cha haispidi ya milimita 8, kwenye chuma laini, inazunguka kama mara 1,000 kwa dakika.

Kwenye ile ndogo ya kilo 60, ambayo nilikaa nayo mwaka na nusu, nilikuwa nakata nusu milimita kwa safari moja. Safari nane. Ukizidisha, mgongo wa mashine unapinda kidogo, kisu kinaanza kulia, na kuta za kiwei zinatoka na mawimbi unayoyahisi kwa ukucha. Na kisu kikikwama kabisa, gia za plastiki zilizomo ndani ya kichwa zinameguka meno. Sitazilaumu, maana gia hizo ni rahisi kubadilisha na pengine zimeokoa kisu na mota. Lakini mteja amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anakuangalia, na gia inatoka ng'ambo.

Kwenye ya goti nakata milimita mbili, safari mbili, kiwei kimekwisha. Mashine haitoi hata sauti ya kuchoka. Tofauti hiyo haiko kwenye mota peke yake, kwa sababu mota za mashine hizi kuukuu ni za nguvu ya farasi moja hadi mbili tu. Iko kwenye uzito: chuma kingi cha kasti kinachoumeza mtetemo.

Ile ya kati iko katikati kweli. Kiwei hicho inakimaliza kwa safari tatu au nne, bila drama.

Kama kazi zako ni vipande vya alumini, vya brazi, vya modeli, au vya kurekebisha vifaa vidogo, basi ndogo inatosha na hii milimita mbili yangu haikuhusu.

Usiinunue kwa macho

Mashine mpya huikagui sana: unafungua boksi, unaosha ile grisi ya kusafirishia, unakaza vibano vya reli ambazo meza inateleza juu yake, unaanza. Ya zamani inaweza kuwa lulu au jiwe la nanga, na rangi haisemi lolote. Mimi nilikwenda na mzee mmoja, fita mstaafu aliyetumia ujana wake kiwandani. Nilipomwamkia shikamoo akaitikia, kisha swali lake la kwanza: "Umeshalipa?"

"Bado, mzee."

"Vizuri. Tukifika, usioneshe kwamba umeipenda."

Alichofanya pale kilichukua dakika ishirini. Kwanza alizungusha gurudumu la meza kulia hadi meza ikaanza kusogea, akasoma namba, akarudisha kushoto akihesabu mpaka meza ikaitikia. Plei ilikuwa kama milimita moja. Mimi moyo ukashuka, yeye hakujali. Akanieleza kwamba plei ya skrubu inatoka kwenye nati ya shaba iliyo chini ya meza, na kwenye mashine hizi nati hiyo imepasuliwa makusudi ili ibanwe inapolika. Plei si ugonjwa wa kukimbia.

Ugonjwa wa kukimbia uko kwenye reli. Akaipeleka meza katikati, akakaza kibano cha reli mpaka meza ikawa nzito kidogo mkononi, kisha akaizungusha kuelekea mwisho. Ikienda sawasawa hadi mwisho, reli ni nzima. Ikianza kukaza na kugoma ukikaribia ncha, maana yake sehemu ya katikati, ambako kazi zote hufanyika, imelika, na ncha zimebaki na unene wake wa zamani. Hapo hakuna kibano kitakachokusaidia: ukikaza kwa ajili ya katikati, ncha zinagoma, ukilegeza kwa ajili ya ncha, katikati inacheza. Dawa ni kusaga reli upya au kuzikwangua kwa mkono, kazi inayoweza kumeza fedha kuliko mashine yenyewe. Reli zikiwa mbovu, ondoka. Nunua mpya ya kati na ulale usingizi.

Mwisho aliweka saa ya kupimia ndani ya tundu la spindo, mhimili unaoshika kisu, akauzungusha kwa mkono. Sindano icheze ndani ya sehemu moja ya mia ya milimita, yaani 0.01. Ikizidi, hesabu beringi za spindo kwenye bei. Makovu ya drili juu ya meza aliyapapasa tu na kupita. Yanaudhi jicho, lakini hayakati kazi vibaya.

Umeme, ambako wengi wanakwama

Nyumba nyingi zetu zina umeme wa njia moja, yaani fezi moja, volti 230. Mashine ya goti karibu kila mara ina mota ya njia tatu. Mpya ndogo na nyingi za kati zinachomekwa ukutani, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu achague mpya. Asifanye haraka.

Kuna milango minne. Kuomba TANESCO wakuvutie njia tatu ni safi kuliko yote, lakini kama nguzo zilizo mtaani kwako zimebeba njia moja tu, gharama inahama kutoka kwenye mita na kuingia kwenye nguzo na nyaya. Mlango wa pili ni kapasita: kwa mota ya volti 230 unafunga kama maikrofaradi 70 kwa kila kilowati, mota inazunguka, nawe unabaki na kama theluthi mbili ya nguvu yake. Kwa pampu sawa. Wa tatu ni kung'oa mota na kuweka ya njia moja. Nimeona nyingi zimefanywa hivyo na zinakata, ila mota ya njia moja inasukuma kwa mapigo, na kwenye uso laini mapigo hayo unayaona kama mistari. Halafu kuigeuza irudi nyuma haraka ni shida, na ukikata nyuzi za skrubu ndani ya tundu unahitaji kurudi nyuma.

Mlango wa nne ni inveta ya kuendeshea mota (VFD), na huo ndio wangu. Inameza volti 230 ya njia moja, inatoa volti 230 ya njia tatu. Za hadi kilowati 2.2 zinapatikana bila taabu, na mashine hizi hazihitaji zaidi. Unapata na kubadilisha mwendo kwa kitufe bila kuhamisha mkanda kila saa. Lakini usinunue inveta kabla hujasoma kibati cha mota.

Kikisema 220/380 au 230/400 chenye alama ya pembetatu na nyota, umebahatika. Unafungua kiboksi cha mota, unakuta vibati vitatu vya shaba vimefungwa kwa mtindo wa nyota, unavihamishia kwenye pembetatu, umemaliza. Kikisema 380 peke yake na ndani kuna waya tatu tu, nyota imefungwa ndani ya tumbo la mota. Fundi mzuri wa kusuka mota ataifungua, aitafute ile fundo, atoe ncha tatu nje. Ni kazi ya asubuhi moja kwa anayejua. Kikisema 380/660, au ni mota ya spidi mbili, usipoteze muda: tafuta mota nyingine ya ukubwa huohuo yenye kibati kizuri.

Sasa kosa langu, ili usilirudie. Mashine ilikuja na swichi ya zamani ya kuzungusha, mbele, katikati, nyuma, ya chuma, nzito, nzuri. Nikaona dhambi kuitupa, nikaifunga kati ya inveta na mota. Siku ya kwanza ikaenda. Siku ya pili nikaigeuza mota ikiwa inazunguka. Ulisikika mlio mmoja mdogo kama kijiti kimevunjika, kikafuata kile kiharufu ambacho kila fundi umeme anakijua. Inveta haitaki kukatwa wala kugeuzwa upande wa mota. Swichi ile sasa inatumika bado, lakini imeunganishwa kwenye waya ndogo za amri za inveta ya pili, inaiambia tu iende mbele au nyuma.

Mawili madogo zaidi. Chini ya hezi 25 hivi usikae muda mrefu, kwa sababu feni ya mota inazunguka taratibu pamoja nayo na joto halitoki. Ukitaka mwendo wa chini kwa kisu kikubwa, tumia gia ya kupunguza mwendo au puli. Na kiboksi cha inveta kizibe kwa wavu: vumbi la chuma ni adui mmoja, mijusi ni wa pili, na mijusi ya Dar inapenda sana pahali penye joto.

Kwa wanaoogopa LUKU: mota ya kilowati 1.1 ikifanya kazi kwa nguvu yote saa nzima inakula uniti moja na kidogo. Milingi haikai kwa nguvu yote. Pasi ya nyumbani inakushtua zaidi.

Kuifufua

Ukichagua kuukuu, tenga jioni za miezi, si wikiendi mbili. Yangu ilitaka miezi minne na sikuibadilisha beringi hata moja.

Kutu ya juu ya meza niliitoa kwa wembe wa kukwangulia rangi na mafuta ya taa. Msasa usiuguse kwenye reli, unakula kipimo kisichorudi. Magurudumu, spana na vipande vidogo vya chuma niliviloweka kwenye ndoo ya maji na magadi, haya haya ya sokoni, nikaunganisha chaja ya betri: hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye bati la chuma la kawaida. Asubuhi kutu inafutika kwa brashi kama tope. Chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, hutoa sumu ndani ya maji. Alumini usitie kabisa, magadi yataila. Na ndoo ikae nje, maana mapovu yale ni gesi inayoshika moto.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiipige msasa mkavu huku watoto wanacheza uani. Ilowanishe au ikwangue.

Kilichonipotezea muda kuliko vyote ni grisi. Mashine hizi zina vinywa vya kulishia oili, na vinafanana na vile vya gari. Mtu fulani, miaka fulani, alizijaza grisi. Grisi ikakauka ndani ya vijitundu vya kupeleka oili kwenye reli, ikawa kama nta. Meza ilikuwa inaonekana imelainishwa kumbe reli ya nyuma ilikuwa kavu kabisa. Nilitoa meza yote, nikachokonoa kila tundu kwa waya wa breki ya baiskeli, nikasukuma dizeli kwa sindano mpaka ikatokea upande wa pili. Sasa natumia oili ya reli yenye uzito wa 68, kidogo kila asubuhi. Hewa yetu hii ya chumvi, hasa wakati wa masika, inapaka kutu juu ya meza kwa usiku mmoja. Funika kwa turubai la kitambaa. Nailoni inatoa jasho.

Kwa mpya, sehemu hii yote ni jioni moja. Hilo ulipime kwa haki: kama wewe unataka kukata kazi za wateja mwezi ujao, mashine inayofufuliwa haikulipi.

Kuiongezea macho, au kuipa akili?

Magurudumu ya mashine nyingi za goti yamepimwa kwa inchi. Mzunguko mmoja wa meza ni inchi 0.200, yaani milimita 5.08. Mtu aliyezoea milimita anahesabu tano tano, na baada ya mizunguko kumi ameshakosea milimita 0.8. Niliharibu bamba moja la flanji kwa hesabu hiyo, matundu sita yote yakiwa yamepangana vizuri, ila si mahali pa boliti.

Hapo ndipo kioo cha kusomea vipimo kinapoingia: vijiti viwili au vitatu vya kupimia vilivyofungwa kwenye meza, na kiboksi chenye namba zinazosomeka kwa inchi au milimita kwa kubonyeza. Vinasoma hadi sehemu tano za elfu za milimita, yaani 0.005, na kwa kuwa vinapima meza yenyewe na si skrubu, plei ya skrubu haividanganyi. Mashine iliyolika skrubu inapata maisha mapya kwa kifaa hicho kimoja. Vijiti vya kioo vina usahihi mzuri lakini havipendi uchafu. Vya sumaku vinavumilia maji na vumbi, na ndivyo ningevichukua leo.

Vijana wengi wanataka kuruka moja kwa moja kwenye kuendesha kwa kompyuta. Inawezekana, programu ya LinuxCNC ni ya bure na wapo walioifanikisha. Lakini ili mashine ya goti itii kompyuta unabadilisha skrubu zote kuwa za gololi, unaweka mota za kusogeza, saketi za kuziendesha, na chanzo cha umeme. Kufikia hapo umeshatumia fedha ya mashine ya pili. Kama kompyuta ndiyo hamu yako, hapa mpya ndogo inashinda waziwazi: meza yake ni nyepesi, mota ndogo zinaisukuma, na vifaa vya kuibadilisha vimeshatengenezwa tayari kwa vipimo vyake. Anzia kule, ukikosea umekosea kidogo.

Ningekuambia uchukue ipi

Una chumba cha kupanga, njia moja, ngazi, na kazi ndogondogo: X2, au zilizo sawa nayo, na usione aibu. Una uani wako, sakafu ya zege, geti linalofunguka, na umeipata ya goti ambayo meza yake inakwenda sawasawa kutoka katikati hadi ncha, na kibati cha mota kina pembetatu: chukua hiyo, na inveta. Umekosa moja kati ya hizo, hasa reli, chukua ya kati ya kilo 300. Mimi mwenyewe, kama yule mzee angesema reli zimekwisha, ningekwenda huko bila kusita.

Ila bei utakayolipa usiimalize kwenye mashine. Jiriwa nzuri, seti ya koleti za kushikia kisu, vibano vya meza, endimili kadhaa na saa ya kupimia vinaweza kukaribia bei ya mashine kuukuu. Uliza pia kama fimbo ya kuvuta koleti ipo. Kwenye tundu la spindo la aina ya R8 nyuzi zake ni 7/16 zenye meno 20 kwa inchi, na hiyo hutaikuta kwa muuza boliti wa kawaida. Yangu haikuwepo. Niliikereza mwenyewe kwenye lezi ya rafiki, nikamlipa kwa kumkatia viwei vitatu.